John Glenn Alipopita Juu ya Visiwa Vyetu

Jumanne ya tarehe 20 Februari 1962 ilikuwa katikati ya mwezi wa Ramadhani. Kisiwani Pemba jua lilikuwa linateremka upande wa bara, na kuanzia Konde mpaka Mkoani watu walikuwa katika ile saa ambayo mfungaji huhesabu kila dakika: vyungu viko motoni, watoto wametumwa maji, wazee wameshaanza kusogea kwenye baraza za misikiti. Yapata saa kumi na mbili na robo, nusu saa hivi kabla ya adhana ya Magharibi, mtu mmoja alipita katika anga la visiwa hivi akitokea upande wa Nigeria, kwa kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa. Alikuwa amefungwa mikanda ndani ya chombo ambacho hata kusimama hakimruhusu. Jina lake John Glenn, umri wake miaka 40, na siku ile alikuwa anakuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia.

Hakuna aliyemwona kutoka Pemba. Jua lilikuwa halijazama bado, na chombo chenyewe kilikuwa juu mno, zaidi ya kilomita 160 kutoka ardhini. Lakini sauti yake ilipokewa Unguja. Kijijini Tunguu, mwendo mfupi kutoka mjini, kulikuwa na kituo chenye antena na mitambo ya redio, na kwa dakika chache Glenn alizungumza na Zanzibar na Zanzibar ikamjibu.

Maisha ya Glenn yameandikwa sana kwao. Katika maandishi hayo Zanzibar hutajwa kama jina moja kwenye orodha ya vituo, baada ya Kano na kabla ya meli iliyokuwa Bahari ya Hindi. Kwetu sisi hata hilo halikuandikwa. Kwa hiyo nitasimulia maisha ya mtu huyu, na nitakapofika pale alipokutana na visiwa vyetu nitakaa zaidi, kwa sababu naamini mkutano ule ni sehemu ya historia yetu kama ulivyo sehemu ya historia yao.

Alizaliwa tarehe 18 Julai 1921 katika mji wa Cambridge, jimbo la Ohio, na kulelewa New Concord, kitongoji kidogo cha jimbo hilohilo. Baba yake alikuwa fundi bomba. Wazazi wake walikuwa marafiki wa familia moja iliyokuwa na binti aitwaye Annie Castor, na watoto hao wawili walikua pamoja tangu wakiwa wadogo mno kiasi kwamba Glenn mwenyewe alisema hakukumbuka wakati ambao hakumjua Annie. Walioana Aprili 1943. Annie alikuwa na kigugumizi kikali. Kupiga simu, kuulizia bei dukani, kumwelekeza dereva, vyote hivyo vilikuwa mtihani kwake. Nalitaja hili mapema kwa sababu litarudi, na kwa sababu naona linaeleza tabia ya Glenn kuliko nishani zake zote.

Nishani zilikuwa nyingi. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili aliacha chuo akajiunga na urubani, akaingia kikosi cha Marine, na kuruka mara 59 vitani katika Bahari ya Pasifiki. Vita vya Korea vikaja, akaruka mara 90, na katika siku za mwisho za vita hivyo aliangusha ndege tatu za MiG. Baadaye akawa rubani wa majaribio, kazi ya kurusha ndege ambazo bado hakuna anayejua zitafanya nini angani. Julai 1957 alirusha ndege ya kivita kutoka California hadi New York kwa muda wa saa tatu na dakika 23, na ilikuwa mara ya kwanza kwa safari ya kukatiza Marekani nzima kufanyika kwa mwendo wa wastani uliozidi ule wa sauti.

Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1957, Wasovieti walirusha Sputnik, na tangu hapo ndege za kasi zikaonekana jambo la jana. Marekani ikaunda shirika la NASA mwaka 1958, na tarehe 9 Aprili 1959 ikawatangaza marubani saba waliochaguliwa kwa mradi ulioitwa Mercury. Glenn alikuwa mkubwa wao kwa umri. Alidhani angekuwa wa kwanza kupelekwa, akakosa. Wasovieti wakawahi: tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin aliizunguka dunia mara moja kwa dakika 108. Wamarekani wakajibu kwa Alan Shepard mwezi Mei na Gus Grissom mwezi Julai, lakini hao walipanda na kushuka kama jiwe lililorushwa juu, dakika 15 hivi kila mmoja, hawakuizunguka dunia. Agosti mwaka huohuo Gherman Titov alikaa angani zaidi ya siku nzima na kuizunguka dunia mara 17. Novemba Wamarekani wakamrusha sokwe aliyeitwa Enos, akazunguka mara mbili akarudi salama. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Glenn.

Hapa ndipo Zanzibar inapoingia. Mtu akizunguka dunia kwa chini ya dakika 90, hawezi kuongozwa kutoka sehemu moja. Mawimbi ya redio yaliyotumika hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Chombo kikishazama chini ya upeo, mawasiliano yamekatika. NASA ilitaka watu wake wasikae kimya kwa muda mrefu, kwa hiyo ikajenga mnyororo wa vituo 18 kuizunguka dunia, viwili vikiwa meli baharini. Njia ya chombo ilitoka Florida, ikapita karibu na Bermuda, Visiwa vya Kanari, Kano, kisha ikatelemka mpaka pwani yetu, ikavuka Bahari ya Hindi kuelekea Australia. Ukiichora njia hiyo kwenye ramani, Zanzibar iko palepale ambapo mtu anaaga Afrika. Isitoshe, ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, na Uingereza ilikuwa rafiki wa kutegemewa. Mkataba ulitiwa saini Oktoba 1960, kati ya Marekani na Uingereza.

Wazanzibari wenyewe hawakuwa wahusika wa mkataba huo, na ndiyo asili ya uchungu ulioufuata. Mwaka 1961 visiwa vilikuwa vikitokota kisiasa. Katika uchaguzi wa Januari, jimbo la Chake Chake hapa Pemba liliamuliwa kwa kura moja tu, na chama cha ASP kikapata viti 10 dhidi ya tisa vya chama cha ZNP na vitatu vya chama cha ZPPP. Uchaguzi ukarudiwa Juni. Vyama viwili vikubwa vikafungana kwa viti 10 kila kimoja, ZPPP ikapata vitatu na kuungana na ZNP. Ghasia zilizozuka Unguja ziliua watu 68. Aliyekuwa Waziri Kiongozi baada ya hapo ni Sheikh Mohamed Shamte Hamadi, mtu wa Pemba, kiongozi wa ZPPP. Siku Glenn alipopita, serikali ya Zanzibar ilikuwa mikononi mwa Mpemba.

Katika hali hiyo kituo cha Tunguu kilitazamwa kwa jicho la shaka. ZNP na vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa upande wake vilikipinga hadharani, na watu wengi waliamini kuwa Wamarekani wanaleta makombora. Nimewahi kusikia jambo hili likisimuliwa kama ujinga wa wakati ule, kwamba watu wetu hawakujua tofauti ya antena na bomu. Sikubaliani. Ni kweli Tunguu hapakuwa na kombora hata moja. Palikuwa na mitambo ya kupokea na kutuma sauti na vipimo. Lakini roketi iliyombeba Glenn, iitwayo Atlas, ilikuwa imebuniwa kubeba bomu la nyuklia kutoka bara moja hadi jingine. Wamarekani walitoa kichwa cha bomu wakaweka kapsuli yenye mtu. Roketi za Wasovieti nazo zilikuwa na asili hiyohiyo. Mtu wa Wete au wa Ng'ambo aliyesema kwamba mradi huu una undugu na silaha hakuwa mbali na ukweli, na aliposema kwamba hakuulizwa, alisema ukweli mtupu.

Sasa turudi kwa Glenn. Safari yake ilipangwa Januari 1962, ikaahirishwa mara kwa mara, mara kwa hitilafu za mitambo, mara kwa mawingu. Tarehe 27 Januari alikaa ndani ya kapsuli zaidi ya saa tano, amelala chali, kisha akaambiwa ashuke. Siku hiyo Makamu wa Rais, Lyndon Johnson, alikuwa nje ya nyumba ya akina Glenn karibu na Washington akitaka kuingia na watu wa televisheni ili aonekane akimfariji mke wa mwanaanga. Annie, pamoja na kigugumizi chake, hakutaka kuwekwa mbele ya kamera. Wakubwa wa NASA wakamtaka Glenn amshawishi. Glenn, ambaye ndio kwanza ametoka kwenye roketi, alimwambia mkewe kwa simu kwamba kama hataki, basi hataki, na yeye yuko pamoja naye. Wakubwa walikasirika. Ingewezekana kabisa akaondolewa katika safari. Hakubadili neno.

Kabla ya kuruka alifanya jambo jingine linalofaa kukumbukwa. Njia ya chombo ilikuwa imehesabiwa na kompyuta, na wakati ule marubani hawakuziamini sana mashine hizo. Glenn aliomba hesabu zirudiwe kwa mkono na Katherine Johnson, mwanamke mweusi, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Langley, Virginia, jimbo ambalo ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria. Johnson alizirudia, zikalingana, na Glenn akaridhika. Kwa miaka mingi jina la mama huyu halikujulikana nje ya ofisi yake.

Tarehe 20 Februari, saa tatu na dakika 47 asubuhi kwa saa za Florida, ambazo kwetu ni saa kumi na moja na dakika 47 jioni, Atlas iliwaka. Katika majaribio matano yaliyotangulia ya roketi hiyo ikiwa na kapsuli ya Mercury, mawili yalishindwa. Safari hii ilipanda bila tatizo. Dakika tano baadaye mtu alikuwa katika mzunguko wa dunia, ndani ya kapsuli aliyoipa jina Friendship 7, na uzito wake ulikuwa umetoweka.

Akavuka Atlantiki. Akaongea na Visiwa vya Kanari, akaongea na Kano, huku chini yake akiona vumbi la jangwa. Dakika thelathini tangu kuruka aliingia katika usikivu wa Zanzibar. Kila kituo kilikuwa na timu yake: mmoja wa kuzungumza na mwanaanga, mmoja wa kuangalia mitambo ya chombo, na daktari. Zamu ya Tunguu ikawa hasa zamu ya daktari. Wakati ule hakuna aliyekuwa na hakika mwili wa binadamu utafanya nini pasipo uzito. Wengine walihofia macho yatabadilika umbo na mtu ashindwe kusoma vipimo. Wengine walidhani atapata kizunguzungu asijue juu wala chini. Kwa hiyo Glenn alivuta kamba ya mpira iliyofungwa ndani ya chombo ili kuupa mwili mazoezi, akapima shinikizo la damu, akageuza kichwa huku na huku, akasoma herufi za kupimia macho. Daktari aliyekuwa Zanzibar alisoma mapigo ya moyo wake kwenye karatasi zilizokuwa zikitoka mashineni, akamjulisha kwamba vipimo vimepatikana vizuri. Glenn akasema anajisikia vyema.

Naomba msomaji alitazame jambo hili kwa utulivu. Suala kubwa la kitabibu la safari ile, kama binadamu anaweza kuishi na kufanya kazi huko juu, lilikuwa linapimwa katika ardhi ya Unguja, wakati Waunguja na Wapemba wakingoja kufungua saumu. Daktari alikuwa mgeni, mitambo ilikuwa ya wageni, taarifa zilikwenda kwa wageni. Pamoja na hayo mahali ni petu, na tukio halihamishiki.

Dakika chache baadaye akapotea upeoni, akaingia usiku. Jua lilizama nyuma yake akiwa juu ya Bahari ya Hindi, kwa kasi ambayo hakuna mtu wa ardhini anayeijua. Mwezi ulikuwa umetimia siku moja kabla, kama unavyokuwa kila katikati ya mwezi wa Kiislamu, na mwanga wake ulimwezesha kuona mawingu chini yake. Katika giza hilo alianza kutambua nyota, na miongoni mwa alizozitaja redioni ni Kilimia. Wakulima na mabaharia wa pwani hii wamekuwa wakiitazama Kilimia kwa karne nyingi ili kujua msimu wa kulima na wa kusafiri, na husemwa kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mtu wa kwanza wa Marekani kuizunguka dunia alijithibitishia mahali alipo kwa nyota hiyohiyo. Sijui habari nyingine ya safari yake inayonigusa kuliko hii.

Alipofika Australia, wakazi wa Perth walikuwa wamewasha taa zao zote ili azione, akaziona, akawashukuru. Alipofikia mapambazuko ya kwanza juu ya Pasifiki, alizungukwa na maelfu ya chembe zenye kung'aa kama vimulimuli, zikielea nje ya dirisha. Miezi mitatu baadaye mwenzake, Scott Carpenter, aligonga ukuta wa kapsuli yake na chembe hizo zikatoka: zilikuwa barafu iliyoganda kwenye chombo chenyewe. Wakati huo lakini Glenn hakuwa na maelezo, na Houston bado haikuwa makao ya uongozaji wa safari; waliokuwa wakimsikiliza kutoka Cape Canaveral hawakuwa na maelezo pia.

Mwishoni mwa mzunguko wa kwanza mtambo uliokuwa ukikiweka chombo sawa ulianza kuleta matatizo, kikawa kinayumba upande. Glenn akachukua usukani kwa mkono, na sehemu kubwa ya mizunguko iliyobaki aliiendesha mwenyewe. Waliodai kwamba sokwe angetosha kwa kazi hiyo walipata jibu.

Tatizo kubwa zaidi hakuambiwa. Alama moja iliyotumwa ardhini ilionyesha kwamba ngao ya joto, kile kifuniko cha chini kinachozuia chombo kisiungue wakati wa kurudi, imelegea. Ikiwa ni kweli, angeteketea. Waongozaji wakawaagiza watu wa vituo wamuulize maswali juu ya swichi fulani bila kumweleza kwa nini. Vituo kadhaa vikauliza, na yeye akaanza kushuku. Mwishowe akaamriwa asitupe, kama ilivyopangwa, kifurushi cha roketi ndogo za kupunguzia mwendo kilichofungwa kwa mikanda juu ya ngao, kwa matumaini kwamba mikanda hiyo itaishikilia. Alirudi katika anga ya dunia huku vipande vya moto vikipita dirishani, asijue ni kifurushi kinachoungua au ni ngao yenyewe. Redio ilinyamaza kwa zaidi ya dakika nne, kwa sababu hewa iliyopashwa joto kali hukizingira chombo na kuzuia mawimbi. Kisha sauti yake ikasikika. Ngao ilikuwa nzima. Kilichokosea ni kifaa cha kupimia. Glenn hakufurahia kufichwa, akawaambia wakubwa wake wazi kwamba rubani lazima ajue hali ya chombo chake.

Alitua Atlantiki baada ya saa nne, dakika 55 na sekunde 23, akiwa ameizunguka dunia mara tatu, na meli ya kivita Noa ikamwokoa. Kwetu ilikuwa inakaribia saa tano ya usiku, tarawehe zimekwisha, watu wa Pemba wako katika mazungumzo ya usiku wa Ramadhani kabla ya daku.

Yaliyofuata kwao ni sherehe. Machi mosi New York ilimpokea kwa maandamano ya watu milioni kadhaa. Lakini katika mwaka huohuo kuna jambo ambalo si la kujivunia. Julai 1962 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilisikiliza hoja ya kuruhusu wanawake wawe wanaanga. Wanawake marubani walikuwa wamepimwa afya na kufaulu. Glenn aliitwa kutoa maoni, akasema kwamba kutokuwepo kwa wanawake katika kazi hiyo ni desturi ya jamii yao. Mtu aliyemsimamia mkewe mbele ya Makamu wa Rais, na aliyeiamini hesabu ya Katherine Johnson kuliko ya kompyuta, alishindwa pale kuona zaidi ya zama zake. Valentina Tereshkova wa Umoja wa Kisovieti aliruka mwaka mmoja baadaye. Marekani ilichelewa mpaka 1983.

Tunguu iliendelea na kazi. Carpenter alipita Mei 1962, Walter Schirra Oktoba, na Gordon Cooper Mei 1963 kwa mizunguko 22. Cooper, akiwa katika anga la Afrika, alituma salamu za heri kwa viongozi wa bara hili, mwezi uleule walipokutana Addis Ababa na kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akataja kwamba anapita Zanzibar.

Zanzibar ikapata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, Mohamed Shamte akiwa Waziri Mkuu. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Mapinduzi yakaiondoa serikali yake. Aliyejitangaza kiongozi wa kijeshi wa Mapinduzi, John Okello, mzaliwa wa Uganda, alikuwa amefika Pemba mwaka 1959, akaishi Vitongoji akifanya kazi za uashi na kuingia katika siasa za ASP kabla ya kuhamia Unguja. Ndivyo kisiwa hiki cha Pemba kilivyokuwa na mkono pande zote mbili za siku ile: waliopinduliwa walikuwa na kiongozi aliyetoka kwetu, na aliyewapindua alianzia siasa zake kwetu. Wamarekani 61, wakiwemo wafanyakazi 16 wa kituo cha anga, walikusanyika katika Klabu ya Waingereza mjini Unguja, na kesho yake wakaondolewa na manowari ya Marekani iitwayo Manley.

Aprili 1964 serikali mpya ya Mapinduzi, chini ya Mzee Karume, ilitaka kituo kiondolewe kabla ya mwezi kwisha. Mwezi huohuo Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Kazi ya Tunguu ikahamishiwa Madagascar, karibu na Antananarivo, na huko nako kituo kikafungwa mwaka 1975. Safari za kwenda mwezini zilifanyika bila Zanzibar.

Kwa sadfa, mwezi wa Mapinduzi ndio mwezi Glenn alipotangaza kuacha kazi ya anga na kuingia siasani. Haikuwa njia nyepesi. Mwaka 1964 alianguka bafuni, akaumia kichwa na sikio la ndani kiasi cha kupoteza uwezo wa kusimama sawasawa, akajitoa. Mwaka 1970 alishindwa kura za maoni za chama chake. Mwaka 1974 akashinda, akawa Seneta wa Ohio hadi Januari 1999. Kazi yake kubwa bungeni ilikuwa sheria ya mwaka 1978 ya kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, na mimi naona uzito wake ukikumbuka kwamba alikwenda angani juu ya roketi iliyoundwa kubeba silaha hizo. Aligombea urais mwaka 1984, hakufika mbali.

Annie, kwa upande wake, alijiunga mwaka 1973 na mafunzo ya wiki tatu ya kurekebisha usemi. Baada ya hapo aliweza kupiga simu na kuhutubia, na akautumia umri wake uliobaki kuwatetea wenye shida ya kusema. Aliishi miaka 100, akafariki mwaka 2020.

Tarehe 29 Oktoba 1998 Glenn alirudi angani akiwa na miaka 77, katika chombo Discovery, kwa safari ya siku tisa. Madaktari walitaka kulinganisha athari za kukosa uzito na athari za uzee: usingizi, mifupa, misuli. Wapo waliosema ni heshima tu kwa mzee mashuhuri. Lakini kilichopimwa ni kilekile kilichopimwa kutoka Tunguu miaka 36 nyuma, mwili wake, na alikuwa amekubali tena kuwa yeye ndiye anayepimwa. Alifariki tarehe 8 Desemba 2016 akiwa na miaka 95, na kuzikwa Arlington tarehe 6 Aprili 2017, siku ya kumbukumbu ya ndoa yake.

Tunguu ya leo ina kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Vijana kutoka Wete, Micheweni na Chake Chake hupanda boti kwenda kusoma huko, wengine hisabati, wengine historia. Waliokuwa na miaka ishirini siku ile ya 1962 sasa wamepita themanini, na wapo bado, Unguja na Pemba. Kuna maswali ambayo wao tu ndio wenye majibu. Nani walichimba misingi ya majengo yale na kuyalinda usiku? Walilipwa kiasi gani, na waliambiwa ni kazi ya nini? Watu waliokipinga kituo walisema nini kwenye mikutano ya Chake Chake, na walioona ni heri ya ajira walijibu nini? Wanafunzi hao hawana haja ya safari ndefu kuanza utafiti. Wachukue kinasa sauti, wawaendee wazee wao wakati wa likizo, na waanze na hayo.